Ndoo ya Majivu ya Jumanne

Slatterton, Pennsylvania
9 Oktoba 1995

Shangazi Aldona,

Keti kwanza. Umeketi? Haya. Katika bonde hili lote, tangu kanisani mpaka kule mashimo ya zamani ya makaa ya mawe, hajazaliwa mwanamume wa kunifikia mimi. Moto ukisikia Algis Matukas anakuja, unajizima wenyewe kwa aibu. Juzi paka wa padri alikwama juu ya paa, nikapanda nikamteremsha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na soseji, na soseji haikuanguka. Muulize mtu yeyote. Ila padri usimuulize.

Pokea salamu zangu, na za Mama. Sisi huku wazima. Mama bado anashona kola za mashati kiwandani. Mgongo unamuuma lakini mdomo hauumi hata kidogo, jana alinisema kuanzia chai mpaka supu. Mvua inanyesha, majani yamepukutika, na kila nyumba imeshawasha jiko.

Sasa jambo lenyewe. Kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea kimenipa namba kumi na nne. Namba ya kupanda gari hiyo, si ya kuosha matairi! Na mwaka huu yale mawaidha ya majira ya baridi pale ukumbi wa kanisa, namna ya kutumia jiko bila kuiua familia yako kwa gesi, nitayatoa mimi. Mimi niliyeikimbia shule kwa sababu ya hesabu, nitasimama mbele ya mwalimu wa hesabu nimfundishe kufungua dirisha. Dunia imepinduka, nami niko juu.

Umeniuliza habari za Babu. Mzima. Anachoma makaa yake, anatoa majivu yake. Unataka nini tena?

Shujaa wako,
Algis


Yuma, Arizona
30 Oktoba 1995

Algis mwanangu,

Nilikusoma nimeketi kama ulivyoamuru, kisha nikasimama ili nicheke vizuri. Msalimie mama yako, mwambie mgongo wake autie kitu cha moto na mdomo auache ulivyo, maana bila huo usingekua.

Mimi sijambo. Oktoba inakwisha na feni bado inazunguka. Watu wa hapa wakisema baridi wana maana ya sweta. Tangu mume wangu Russell afariki bado napika viazi vya watu wawili. Mkono umezoea, haujui kupunguza. Wa kuzungumza naye ni redio, na redio haiulizi umekula nini.

Sasa nami nina jambo. Namba kumi na nne ni ya baba yangu. Aliivaa kabla mimi sijazaliwa. Imefikaje kwako naye angali hai? Na yale mawaidha ya ukumbini, si ndiye aliyekuwa akiyatoa kila mwaka, akituimbia hatari za hewa nyeupe, kama walivyoiita wachimbaji, ile inayoua bila rangi wala harufu?

La pili: bomba la jiko mmeshalishusha? Kila mwaka huwa ni kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, nayo ni keshokutwa. Mmoja hugonga, mmoja hushika. Kwanza nilishika mimi, kisha marehemu baba yako, kisha wewe tangu ulipolingana na ndoo. Unajua ujinga wa watu wa kwetu: makaa yetu magumu hayatoi moshi wala masizi, basi wanajidanganya kwamba bomba ni safi. Kumbe jivu jepesi kama unga linajikalia kwenye kiwiko cha bomba, kimya, mpaka njia inaziba.

Nijibu yote mawili.

Shangazi yako,
Aldona


Slatterton
21 Novemba 1995

Shangazi wa jangwani,

Salamu nyingi kuliko theluji, na theluji imeshaanza. Mama anasema asante, ametia chupa ya maji moto mgongoni na mdomo ameuacha vilevile. Binamu wa Mama amepata mtoto, mbaya kweli, lakini tunamwita mzuri kwa ajili ya amani.

Ungenisikia ukumbini! Watu walikaa mpaka kwenye ngazi. (Baada ya mawaidha kulikuwa na kugelis, chakula chetu cha viazi na nyama ya mafuta, lakini hilo halikuhusiana.) Nikawaambia: siku ya joto bomba halivuti vizuri, basi usikifunge kile kilango cha bombani. Kichwa kikikuuma nyumbani kikapona ukitoka nje, hiyo si mafua. Na ukimwona mtu kaanguka ndani usiingie kichwakichwa, ita kikosi. Kisha tukapita nyumba kwa nyumba. Bi Sinkavage akanifungulia na mwiko mkononi.

"Kijana, jiko hili nimekaa nalo miaka hamsini na halijaniua."

"Linakusubiri umalize kupika, Bi."

"Mbwa wewe! Ingia, futa miguu. Kichwa tu ndicho kinanisumbua asubuhi, lakini nikienda misa kinapona. Mtakatifu Kazimieri ananiponya."

"Si mtakatifu, Bi. Pale kanisani kuna dirisha limevunjika."

Tukashusha bomba lake. Jivu lililotoka lilijaza makopo mawili ya kahawa! Akanibusu, akanipiga na mwiko, akanipa keki. Tukamfungia kile king'ora kidogo cha kunusa gesi. Kikosi kinawapa wazee wote bure. Babu naye nimempelekea chake, usiwe na wasiwasi.

Ile namba ni mambo ya kura, mambo ya kikosi, marefu. Na bomba la Babu lipo palepale.

Algis, namba kumi na nne


Yuma
12 Desemba 1995

Algis,

Nakusalimu, na mama yako, na huyo mtoto mbaya. Huku malimau yameiva kwenye mti wa jirani. Aligonga kuniletea kikapu na nikamzuia mlangoni kwa maneno mpaka chakula chake kikaungua. Nina aibu bado.

Nimezisoma barua zako zote tatu tena, pamoja na ile ya kiangazi. Katika ile ya kiangazi Babu yako alikoroma, alitukana redio, alikuibia mkate. Katika hizi "anatoa majivu." Unaandika kama mtu aliyesimama barabarani. Niambie kitu cha ndani. Lile pazia la jikoni la mama yangu bado lipo? Saa ya ukutani inakwenda?

Nilimpigia simu. Unajua masikio yake. Alipaza sauti, "Niko hai!" akakata. Baba hajawahi kuwa na maneno, lakini zamani alikuwa anasubiri walau niseme kwaheri.

Sijui mmefanyiana nini wala silazimishi. Ila mkesha wa Krismasi unakuja. Humu nimeweka mkate wetu mwembamba wa mkesha, nimeuvunja. Nusu nitaila mimi, peke yangu, mbele ya sahani tupu ya Russell. Nusu hii umpelekee Baba, mvunjiane. Unajua mkate huo hauliwi na watu walionuniana, ukiupokea umeshasamehe.

Na bomba, Algis. Sijasahau bomba.

Aldona


Slatterton
5 Januari 1996

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya kutoka kwangu na kwa Mama. Mtoto ameanza kupendeza kidogo, upande mmoja. Wanasema theluji kubwa inakuja, na kikosi tumelala na viatu.

Pazia sijui. Saa sijui. Sijaingia nyumba ile tangu Septemba.

Ulikuwa mkutano wa kikosi. Mkuu wetu, Dolan, alileta hoja kwamba waliovuka miaka sabini na tano wasipande tena gari. Hakumtaja mtu, lakini mwenye umri huo alikuwa mmoja tu, na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Wakasema wanaokubali wainue mikono. Shangazi, magoti yake hutetemeka kwenye ngazi. Niliyaona mwenyewe siku ya moto wa ghala. Nikainua mkono. Nilidhani namwokoa. Halafu Dolan akasema namba kumi na nne isitoke katika damu, apewe mjukuu, nami nikaichukua huku nacheka kama juha.

Babu akavaa kofia yake. Akasema, "Mkono mzuri huo, Algis. Umenyooka sawasawa." Akatoka. Hajanisemesha tena.

King'ora nilimpelekea kweli, hilo sikudanganya. Nilikitundika kwenye kitasa cha mlango ndani ya mfuko, nikagonga, nikakimbia. Bingwa wa mbio, mimi. Na mkate wako uko mfukoni mwa koti langu. Mkesha ule nilipita mbele ya dirisha lake mara nyingi kuliko gari la polisi. Taa ilikuwa inawaka. Nilisema nikifika tena nitagonga, nikafika tena, nikapita.

Lakini usidhani simtazami. Jumanne asubuhi kila nyumba hutoa ndoo ya majivu ukingoni mwa barabara, gari lije kuzoa. Yake huwa ya kwanza, kifuniko kimefungwa kwa waya. Nikiiona najua ameamka, amekoroga jiko, amevaa buti, anaweza kubeba. Naisoma ndoo ile kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Kisha naenda kazini gereji nimeridhika.

Bomba hatukulishusha.

Algis


Yuma
11 Januari 1996

Algis,

Leo sikusalimu. Barua yako imefika sasa hivi na naandika nimesimama.

Nenda. Usimalize hata kusoma. Televisheni inaonyesha theluji imewafunika, na kwamba baada yake inakuja hewa ya joto na mvua. Umesema mwenyewe ukumbini, siku ya joto bomba halivuti. La kwake limeziba kwa jivu la mwaka mzima, na jioni atalifunika jiko kwa majivu na kufunga kilango, kama alivyofanya maisha yake yote.

Nimempigia. Aliposikia neno bomba akasema, "Najua kazi yangu," akakata. Nimepiga tena, hapokei. Nimepiga kwenu, laini zimekufa kwa theluji. Nimebaki na karatasi tu, na karatasi ina mwendo wa punda.

Goma kuzungumza naye ukitaka. Ingia, shika bomba, toka. Shika tu, mwanangu.

Aldona


Slatterton
27 Januari 1996

Shangazi yangu,

Najua ulipopiga kwetu simu zilipopona Mama alikuambia Babu yuko hai. Yuko hai. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi.

Barua yako ilikwama na theluji. Niliipata Alhamisi. Jumanne ilikuwa imeshapita.

Ilikuwa joto kama Aprili. Ukungu mzito, theluji inayeyuka, mitaro inanguruma. Ndoo zilikuwa zimepangwa mtaa mzima, na mbele ya nyumba ya Babu pengo, kama jino lililong'oka. Nikasema mzee kachelewa. Nikaenda dukani nikanunua kahawa. Nilikunywa karibu nusu, Shangazi. Ndipo nikasikia gari la majivu linakata kona, na Babu hajawahi kulikosa gari lile hata siku tuliyomzika bibi.

Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kitasa tu, bila ufunguo. Nilipaza sauti kwa Bi Sinkavage ng'ambo ya barabara apigie kikosi. Kanuni niliyowafundisha watu ilikuwa usiingie. Niliingia.

Alikuwa kwenye kiti cha jikoni, buti moja mguuni, ya pili mkononi. Ndoo imejaa, iko katikati ya magoti yake. Mashavu mekundu kama mtoto aliyetoka kucheza theluji. Nilimkumbatia kwapani nikamburuta mpaka nje, tukaangukia kwenye theluji ya maji sote wawili, kichwa changu kinazunguka kama pia. Bi Sinkavage alikuja na nguo ya kulalia na mwiko wake, anamwita Babu kwa jina lake kwa kelele, "Vincas! Vincas, usithubutu!" Babu akatapika. Sijawahi kufurahia matapishi namna ile.

Wenzangu walifika, wakampa hewa ya mtungi, wakalizima jiko. Dolan alishusha lile bomba. Sehemu ya chini ilikuwa safi, imepigwa brashi mpaka inang'aa. Sehemu ya juu, kwenye kiwiko, ambako mtu mmoja hafiki bila wa kumshikia, jivu lilikuwa limekaza kama mkate.

Uliuliza ya ndani. Pazia lipo. Saa inakwenda. Mezani palikuwa na sahani mbili, moja ina makombo, moja safi. Kwenye ile safi aliweka kile king'ora, bado ndani ya boksi lake, kama anamngoja mwenye kazi yake aje akifunge.

Watu wananiita shujaa. Dolan amenipa mkono mbele ya kikosi kizima. Ndicho nilichokuwa nakitafuta siku zote, na sasa nakipokea kama mtu aliyepewa koti la mwenzake.

Algis


Yuma
10 Februari 1996

Algis mwanangu,

Nakusalimu leo mara mbili, kufidia ile barua. Msalimie mama yako, na Bi Sinkavage na mwiko wake.

Nilizungumza na Baba hospitalini. Muuguzi alimshikia simu. Aliniita kwa jina la mama yangu, akaniuliza kama kuku wamelala. Hatujafuga kuku tangu nikiwa na meno ya utoto. Daktari anasema gesi hiyo huondoka na vitu, na kwamba vingine vinaweza kurudi na vingine visirudi. Nimesema wamelala, wote. Akafurahi. Nilipoweka simu niliona giza limeingia, nami sijui lilianza saa ngapi.

Pasaka nitakuja. Nimeogopa nyumba ile tangu Mama afe, sasa naogopa zaidi kutokuja.

Sikulaumu. Nikiwa na umri wako nilimwacha mimi, nikaondoka na mwanamume aliyeniahidi jua. Jua nimelipata.

Lakini kuna jambo moja linaninyima usingizi, nawe nijibu kweli. Baba aliijua hatari ile kuliko mtu yeyote wa mji ule. Alijua kiwiko hakifikiki peke yake. Kiburi anacho, lakini kufa kwa kiburi, hapana, si yeye. Hakumwomba mtu yeyote amshikie? Hata jirani? Hata mara moja?

Aldona


Slatterton
2 Machi 1996

Shangazi,

Salamu. Mama mzima. Mtoto sasa ni mzuri kweli, imebidi tuombe radhi.

Babu karudi nyumbani na mimi nimehamia kwake. Bibi zake wawili, mimi na Bi Sinkavage, tunagombania jiko. King'ora nimekifunga ukutani juu ya saa. Bomba nimelishusha, yeye akagonga, mimi nikashika. Alinitukana vizuri: "Juu zaidi, wewe! Unashika bomba au unabeba jeneza?" Nilicheka mpaka jivu likaniingia mdomoni. Kesho yake akaniuliza tutalishusha lini. Tukalishusha tena. Tumelishusha wiki hii kila siku, halina hata chembe, na kila siku nashika.

Ile kura haikumbuki. Anadhani namba kumi na nne bado ni yake, nami nimeirudisha pale kwenye msumari wake, nyuma ya mlango. Ule mkate wako tuliuvunja juzi, ulikuwa makombo tu. Alikula fungu lake bila kuuliza ni la nini. Jioni hukaa anatazama jiko, mimi namtazama yeye, na kuna wakati namkumbuka mtu aliyenikasirikia. Natamani arudi anikasirikie.

Umeniuliza kama alimwomba mtu.

Siku ile niliyokuandikia habari za paka na soseji, mchana nilikuwa kituoni naosha gari pamoja na vijana. Babu alikuja. Alisimama mlangoni na koti lake la kazi, ile brashi ndefu ya bomba iko kwapani. Hakusema neno. Mtu yule hajaomba hata chumvi mezani, unamjua. Kijana mmoja akaniambia, "Algis, mzee wako huyo." Nilimwona. Niliiona brashi. Nilijua kabisa inasema nini. Nikageuka, nikafungua maji kwa nguvu, nikaanza kuimba kwa sauti ili wenzangu wacheke. Walicheka. Nilipogeuka tena mlango ulikuwa mtupu.

Jioni ile ndipo nilikaa nikakuandikia kwamba ni mzima, anatoa majivu yake.

Aliomba, Shangazi. Aliniomba mimi.

Algis